Baba Mkwe wa Jirani

Turwa, Tarime. Masika ya 2012.

Jumapili, 4 Machi

Nesi Agustina wa zahanati ndiye aliyenitia katika kazi hii ya kuandika. "Mama Sharon, andika mzee ameamkaje, vidonge amemeza saa ngapi, ametetemeka kiasi gani. Siku ya kliniki usije tena kuniambia 'yuko hivyo hivyo.'" Basi nimechukua daftari la Sharon la jiografia. Kurasa tupu ni nyingi kuliko alizoandika, na akirudi kutoka bweni tutaongea vizuri juu ya hilo.

Mzee ameamka salama. Vidonge saa moja asubuhi. Mkono wa kulia unatetemeka, wa kushoto kidogo.

Hayo ni ya nesi. Sasa ya kwangu. Mume wangu Oduol ameondoka leo kwenda upande wa Serengeti, mbele ya Mugumu, walikopata dhahabu mwezi uliopita. Kila mwanaume wa Turwa mwenye mikono miwili yuko njiani na sururu. Mzee Opondo ni baba yake, fundi baiskeli wa zamani pale sokoni. Mwaka wa sita huu anaumwa mishipa ya fahamu. Daktari aliuita Parkinson, sisi tunasema ugonjwa wa kutetemeka. Anatembea hatua fupi fupi, anaganda mlangoni, sauti imekuwa ndogo.

Kumwogesha, kumvalisha, kumpeleka chooni ni kazi ya Oduol. Mimi ni mkamwana. Napika, nafua, nasalimia nikiwa nje. Chumba anacholala sijawahi kukikanyaga tangu niolewe, mwaka wa kumi na saba huu, na uchi wa baba mkwe kwetu Wajaluo hauangaliwi hata kwa bahati mbaya.

"Nani atamwogesha?" nilimuuliza.

"Oyoo atakuja kila asubuhi."

Oyoo ni mdogo wake. Namjua Oyoo.

Jumatano, 7 Machi

Mvua ya kwanza. Oyoo amekuja. Vidonge saa moja.

Ijumaa, 9 Machi

Oyoo amekuja saa nne. Mzee alikaa kwenye nguo za kulalia muda wote huo akimngoja.

Jumapili, 11 Machi

Mbuzi wa Mokami wamemaliza matembele yangu. Mokami ni jirani yetu Mkurya, ua wa minyaa tu ndio unatutenganisha, na ua wenyewe kwake ni mapambo. Nimemwambia. Akaniambia sisi Wajaluo tuna mdomo mrefu. Nikamwambia nyinyi Wakurya mnadhani nchi nzima ni malisho. Tulipaziana sauti mpaka wapita njia wakasimama. Yule mama ana roho mbaya na sitamsalimia tena.

Mzee: vidonge saa moja. Amesikia yote, akacheka. Nilimsikia anacheka.

Ijumaa, 16 Machi

Oyoo hajaja tangu juzi. Leo mkewe ameniambia naye yuko dhahabuni. Eti atarudi na gari.

Jumatatu, 19 Machi

Mzee Rubeni wa kanisani amejitolea kumwogesha. Mungu ambariki.

Alhamisi, 22 Machi

Mgongo wa Rubeni umekataa. Amemwogesha mara mbili tu. Alitoka ameshika kiuno, naye ana miaka sitini na tisa, nitamlaumu kwa lipi? Naweka ndoo ya maji ya moto mlangoni, mzee anajitahidi mwenyewe. Shati analirudisha nje likiwa limelowa kuanzia shingoni hadi chini. Ndiyo kusema anajimwagia maji akiwa nalo mwilini, kwa sababu vifungo vimemshinda. Mtu aliyekuwa anafunga nati za baiskeli bila kuangalia!

Jumamosi, 24 Machi, Sabato

Oduol amepiga simu. Wamepata duara, yaani shimo lao wenyewe, wako watano. Dhahabu bado. Lakini chakula huko, anasema, hakuna cha maana, watu wanagombania maharage mabichi. Anataka niende nikapike na kuuza.

"Na baba?"

"Nimeongea na Sheila. Atamchukua. Chumba kitakuwa tayari mwisho wa Mei."

Sheila ni dada yake, ameolewa Migori, ng'ambo ya mpaka. Ndiye anayetutumia vidonge kupitia Sirari kila mwezi.

Nikiri hapa, maana hakuna atakayesoma isipokuwa nesi. Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikasahau mboga jikoni zikaungua. Nimechoka kuongea na mtu kupitia ukuta, nimechoka kuogopa kila nikisikia kitu kimeanguka.

Nikaenda dirishani kwake. "Baba, Sheila atakuja kukuchukua mwisho wa Mei."

Kisha akasema, "Nilale kwa mkwe wangu?"

Baba kuhamia nyumba ya mwanaume aliyemwoa binti yake ni aibu kwetu, na kufia huko ni jambo ambalo hata Wasabato wenzangu hawalisemi kwa sauti. Nikasema mboga zinaungua. Zilikuwa zimeshaungua.

Jumapili, 1 Aprili

Mvua. Vidonge saa moja. Hajala vizuri.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Harufu ya chumba chake sasa inafika jikoni. Naandika hivi kwa ajili ya nesi, na naona aibu kuandika.

Jumanne, 10 Aprili

Mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Saa moja nilipeleka uji na vidonge, nikaviweka kwenye kigoda cha mlangoni. "Baba, uji." Kimya. Nikaita tena. Ndipo nikasikia mtu anakwaruza ukuta.

"Nimeanguka."

Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, na maji yalikuwa yanaingia kwa chini ya mlango wa nyuma. Sikuyaona, aliniambia mwenyewe, neno moja moja. Mimi nilikuwa kizingitini, mguu mmoja juu, mikono imeshika fremu ya mlango.

"Naingia, baba."

"Usiingie."

"Baba, utakufa na baridi."

"Sina nguo, Dorka. Usiingie." Sauti yake siku zote ni ndogo, lakini hapo aliipata ya zamani.

Na mguu wangu, nauandika ukweli, haukushuka upande wa ndani. Ulirudi nje. Nilitaka kuingia na sikuweza. Watu wa mjini watacheka. Wacheke.

Nikakimbilia barabarani kutafuta mwanaume. Yupi? Nyumba ya kwanza mama na watoto. Ya pili kufuli. Kwa fundi viatu limebaki turubai. Rubeni simu inaita tu. Nikasimama kwenye tope nikipiga kelele, "Mwanaume! Hakuna mwanaume hapa? Mwanaume yeyote!"

Mokami akatokea kwenye ua wake, gunia kichwani. "Unamtaka wa nini asubuhi hii, mama Sharon?"

Siku nyingine ningemjibu. Leo nilimshika mkono nikalia. Nikamweleza. Akanitazama, akatazama mlango.

"Aa," akasema, "mimi kwani nimeolewa kwenu?" Akatupa gunia, akaingia.

Nilisikia kila kitu nikiwa nje. "Shikamoo mzee. Ni Mokami wa hapo ng'ambo, mwenye mbuzi. Ukiona haya funga macho, mimi yangu nayahitaji kwa kazi." Kisha mzee akisema kitu. Kisha Mokami, "Hata mimi ningesema hivyo. Haya, shika shingo yangu." Kitanda kikalia. Akaniagiza maji ya moto, sabuni, nguo kavu. Nikawa nampitishia mlangoni huku nimegeuza uso. Ilichukua karibu saa nzima. Mwisho akamlisha uji na vidonge, na nilimsikia mzee akisema asante, mara mbili.

Hakuvunjika mahali. Nimemshukuru Mungu mpaka magoti yameuma.

Kisha Mokami akaja jikoni kwangu, mara ya kwanza tangu nihamie hapa. Nikampa chai. Akaanza kuinywa, halafu akaiweka chini na kulia kuliko mimi nilivyolia.

"Wangu ana siku tisa, mama Sharon."

Wake ni mzee Machage, baba mkwe wake, askari mstaafu. Nilijua alipata kiharusi mwaka juzi, upande wa kushoto ukalala. Sikujua kwamba mume wa Mokami naye yuko dhahabuni. Sikuuliza. Nilikuwa nahesabu mbuzi.

"Naweka maji mlangoni asubuhi, jioni nayakuta yalivyo," akasema. "Mkono mmoja ataogaje? Na kwetu mimi siwezi kupita mlango ule. Ni insoni." Insoni ni lugha yao, lakini sikuhitaji kutafsiriwa. Ndiyo ile ile haya yetu ya ukwe.

Nadhani tulifikiri pamoja, ila mimi ndiye mwenye mdomo mrefu.

"Mokami," nikasema, "kwani mimi nimeolewa kwenu?"

Jumatano, 11 Aprili

Mokami amekuja saa moja, amemwogesha mzee, amemnyoa na ndevu. Mimi nikavuka ua na ndoo yangu. Nikabisha hodi kwa Machage. Akauliza ni nani. Nikamwambia. Akasema matusi ambayo hata jeshini nadhani ni ya Jumapili tu. Nimerudi na ndoo.

Alhamisi, 12 Aprili

Amekataa. "Bora niote uyoga."

Ijumaa, 13 Aprili

Amekataa. Leo hata kujibu hodi hakujibu.

Jumamosi, 14 Aprili, Sabato

Nilienda kabla ya ibada. Amekataa, akaongeza kwamba mimi ni jasusi wa Opondo. Mokami anamwogesha wangu siku ya nne, mimi sijamrudishia hata kidole kimoja. Sikuomba vizuri kanisani.

Jumapili, 15 Aprili

Leo nilipandwa na hasira. Nilisimama mlangoni na ndoo, mvua inaninyea, nikasema, "Mzee Machage, shikamoo, na ninakuaga. Opondo ameoga siku tano. Amenyolewa. Amekaa barazani na shati safi, watu wanamsalimia. Wewe kaa humo."

Nikageuka. Kutoka ndani, "Opondo amenyolewa?"

"Kidevu kinang'aa."

"Yule fundi baiskeli?"

"Huyo huyo."

Kisha, "Ingia. Wembe uwe mpya."

Niliingia. Nilikuta mzee mkubwa wa mwili ambaye amekonda upande mmoja, na vidonda viwili mgongoni. Vilinitia uchungu, nikasahau matusi yote. Nilimwosha polepole. Nilipofika mgongoni akashika ukingo wa kitanda kwa mkono wake mzima, machozi yakamtoka. Akasema ni sabuni. Nikasema ndiyo, sabuni hii ni kali.

Jumatano, 18 Aprili

Agustina amekuja kuviona vidonda vya Machage, amenionyesha namna ya kuvisafisha na kumgeuza kila baada ya muda. Kwa Opondo ametuonyesha jingine. Akiganda mlangoni tusimvute. Tuweke fimbo chini mbele ya miguu yake, tumwambie airuke. Tukadhani nesi anatania. Mokami akaweka fimbo, mzee akaitazama, akanyanyua mguu na kupita. Kama si yeye! Agustina anasema miguu haijasahau, ila amri ya kutembea ndiyo inachelewa njiani, na kitu cha kuruka kinaipa njia nyingine. Sielewi vizuri. Nimeona lakini.

Jumamosi, 28 Aprili

Mvua kubwa, daraja dogo limezama. Vidonge saa moja. Mokami alivuka ua, maji yakimfika magotini.

Alhamisi, 3 Mei

Christina wa kanisani amenivuta pembeni sokoni. Naye ana mama yake mzazi, kichwa kimeanza kusahau, anatoka nyumbani na kupotea. Haya ya ukwe hayamhusu, yeye anachohitaji ni mtu wa kukaa na mama siku za mnada tu. Mokami amekubali, kwa sharti kwamba Christina atashika zamu ya Machage nikiwa sokoni. Sasa ni nyumba tatu.

Jumatano, 9 Mei

Oduol amepiga simu akiwa moto. Rubeni amempigia kumwambia kuna manung'uniko.

"Mke wa Mkurya anamshika baba yangu?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Na wewe unamshika Mkurya?"

"Kila siku."

"Dorka, watu watasema nini?"

"Watu gani? Wako huko kwenye shimo na wewe. Njoo umshike baba yako, mimi nitaacha kesho."

Akakata. Sijawahi kuongea naye hivyo.

Jumapili, 13 Mei

Oduol amekuja. Amekonda, kucha zimejaa udongo mwekundu, dhahabu hakuna. Alifika wakati Mokami anamtoa mzee nje. Mzee akaganda kizingitini. Oduol akarukia kumvuta mkono. "Wacha!" Mokami akamfokea kama mtoto, akaweka fimbo. Mzee akaivuka, akaenda hadi kwenye kiti chake cha barazani bila kushikwa.

Oduol alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Akamwambia Mokami, "Nionyeshe." Leo jioni amemwogesha baba yake mwenyewe, Mokami akimwelekeza kutoka nje ya mlango.

Jumatatu, 14 Mei

Amerudi dhahabuni. Manung'uniko ameyanyamazisha, alimwendea Rubeni mwenyewe. Lakini safari ya Migori iko pale pale, Sheila ameshaezeka chumba. Na mimi nataka asiende. Mwezi wa tatu nilifurahi, sasa nataka asiende. Nilimwambia Oduol hivyo barabarani. "Ongea na Sheila," akasema. "Akikubali yeye, mimi sina neno."

Jumanne, 22 Mei

Mzee ameanza kuacha chakula. Nikamuuliza kama ni tumbo. Akasema, "Siku zimebaki chache." Nguo zake nimezifua, sijazipanga kwenye begi.

Jumapili, 27 Mei

Sheila ameingia saa tano na gari la kukodi. Mvua leo imepumzika. Amevaa vizuri, ameleta mkate na sukari, akanikumbatia. Kisha akaona Mokami anatoka chumbani kwa mzee na beseni.

"Huyu ni nani?"

Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. "Yawa, Dorka! Mmekosa kabisa mtu? Mgeni anamwona baba yangu uchi? Mimi nimekuja, haya yameisha. Toa nguo zake."

Mokami aliweka beseni chini, akanitazama. Mdomo wangu mrefu wote ukanikimbia.

Mzee ndiye aliyesema. Alikuwa barazani, na Sheila ilibidi ainame kumsikia.

"Sheila. Kule kwako, nani ataniogesha?"

"Tutapanga, baba."

"Wewe?"

Binti haogeshi baba.

"Mume wako?"

Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Mkwe amwone baba wa mkewe uchi, hapana, hakuna nchi ya Wajaluo inayolikubali hilo, iwe Tanzania au Kenya. Sheila akatafuta kiti, akakaa. Alikuwa amejenga chumba chenye sakafu ya saruji na dirisha la vioo, na hakuwa amefikiria mlango utaingiliwa na nani.

"Nilitaka kumtunza baba," akasema. "Kila mtu anasema nimemtupa."

"Unanitumia dawa," mzee akasema. Ilimchukua muda kuimalizia. "Hujanitupa. Niache kwangu."

Akalia, nikalia, Mokami akasema chai itapoa na sisi ni watu wazima. Tulikunywa wote wanne. Alipotaka kuondoka, Sheila akanivuta nyuma ya jiko. Akaniambia kitu ambacho, nadhani, ndicho kilichomleta kwa haraka ile. Baba mkwe wake mwenyewe amelala ndani kule Migori tangu Februari, amepooza. Mumewe ni dereva wa masafa marefu, anarudi mara mbili kwa mwezi, na hapo ndipo mzee anapooga. "Nasimama mlangoni kwake kila asubuhi na ndoo, Dorka. Kila asubuhi. Nilifikiri baba akiwepo nyumbani angalau nitakuwa nimefanya jambo moja sawasawa."

Gari limeondoka na kiti cha nyuma kitupu. Mzee amekula ugali wote, akaomba samaki zaidi.

Ijumaa, 8 Juni

Jua siku tatu mfululizo. Watu wanaanza kuvuna maharage. Vidonge saa moja, mkono wa kulia kama kawaida. Mgongo wa Machage umefunga kidonda kimoja, kingine bado.

Sheila amepiga simu nikiwa naandika haya. Amempata mtu, Mluhya, mke wa mchomelea vyuma, nyumba ya tatu kutoka kwake. Mama huyo naye ana baba mkwe mgonjwa. Kesho asubuhi wanabadilishana.

"Naogopa," akasema. "Nikifika mlangoni nasemaje?"

"Shikamoo. Taja jina lako. Mwambie umeleta maji."

"Na akikataa?"

"Rudi keshokutwa."

"Na keshokutwa akikataa?"

"Sheila," nikamwambia, "maji yanapashwa moto kila siku."